Masomo ya Bure Mtandaoni: Kutoka Kwenye Simu Hadi Kitandani kwa Mgonjwa

Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka mtandaoni, bila malipo, vifaa vya kufundishia masomo yake. Baada ya hapo milango mingine ilifunguka. Khan Academy, taasisi isiyo ya kibiashara, hufundisha bure hisabati na sayansi. Coursera na edX, zilizoanza mwaka 2012, hukusanya kozi za vyuo vikuu vingi, kuanzia falsafa na historia hadi takwimu na kompyuta. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua OpenWHO, iliyotoa kozi za bure kuhusu magonjwa ya mlipuko kwa lugha nyingi.

Hivyo muuguzi wa zahanati ya mbali mwenye simu janja anaweza kusoma yale yaliyokuwa yakifundishwa katika kumbi za vyuo vikubwa tu. Swali lililobaki ni moja: je, kinachosomwa kwenye simu humfikia mgonjwa kitandani?

Funzo kutoka Haydom

Jibu lenye uzito lilipatikana Tanzania, katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara. Mwaka 2010 watoa huduma wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua. Msingi wa mafunzo hayo ni dakika ya kwanza ya uhai: mtoto akaushwe, achochewe, na asipopumua apuliziwe hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Walipopimwa kwa mwanasesere, watoa huduma walionyesha maendeleo makubwa. Lakini katika chumba cha kujifungulia, mbele ya mtoto halisi, utendaji wao haukubadilika kama ilivyotarajiwa.

Ndipo utaratibu ulipobadilishwa. Kuanzia mwaka 2011 mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalifanyika papo hapo kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mafunzo ya Haydom hayakuwa ya mtandaoni. Wanafunzi walikuwa na mwalimu na walishika vifaa kwa mikono yao. Ikiwa siku nzima ya namna hiyo haikutosha kubadili utendaji, video inayotazamwa mara moja haiwezi kutosha. Somo la mtandaoni humpa mtu maarifa. Stadi huletwa na mazoezi ya kurudiarudia.

Namna ya kuchagua somo

Neno "bure" lina maana zaidi ya moja. Mahali pengine kila kitu ni bure. Kwingine kusoma ni bure lakini cheti hulipiwa. Kabla ya kuanza, msomaji ajiulize:

1. Nani ameandaa somo hili, na ni taasisi gani inayowajibika kwalo?
2. Liliandikwa au kuhaririwa lini? Matibabu hubadilika.
3. Je, linakubaliana na mwongozo wa taifa wa matibabu? Dawa na vipimo vinavyotajwa katika kozi ya nchi nyingine huenda havipo hapa, au havitumiki kwa namna ileile.
4. Je, baraza la taaluma husika linalitambua? Cheti cha kumaliza kozi si leseni, wala hakimruhusu mtu kutoa huduma ambayo hakusomea rasmi.

Kwa mtoa huduma

Somo moja linalohusu tatizo linaloonekana wodini kila wiki lina faida kuliko kozi kumi zilizoachwa njiani. Wenzake wawili au watatu wasome somo hilohilo, kisha wakutane kwa dakika chache, mmoja aeleze na mwingine aonyeshe kwa vitendo mbele ya mwenye uzoefu. Zoezi lirudiwe baada ya siku chache, na lirudiwe tena hata kama kila mmoja anaona ameshalijua.

Gharama ya bando isiwe kizuizi. Video na maandishi yapakuliwe mahali penye intaneti ya bure, yasomwe baadaye. Programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, zikiwemo makala za tiba. Hizo zifae kwa kuanza kuelewa jambo, si kwa kuamua dozi.

Kwa mgonjwa na jamaa zake

Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anayejifunza kuhusu ugonjwa wake hurahisisha matibabu. Anaelewa kwa nini dawa humezwa hata siku anayojisikia vyema, na anajua dalili za kumrudisha hospitali mapema. Hatari huanza pale somo linapochukua nafasi ya daktari. Aliyetunga kozi hajui umri wa mgonjwa huyo, hali ya figo zake, ujauzito wake, wala dawa nyingine anazotumia.

Kwa hiyo mgonjwa asiache dawa wala kubadili dozi kwa sababu ya alichosoma. Aandike maswali matatu, aende nayo kliniki. Naye mtoa huduma asiyachukulie maswali hayo kuwa dharau. Mgonjwa anayeuliza ameonyesha kwamba anataka kupona.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kufaulu kwa mwanasesere hakukutosha kubadili huduma kwa watoto halisi?
2. Kuna tofauti gani kati ya cheti cha kozi na leseni?
3. Ni stadi gani moja kituoni kwako inayohitaji kufanyiwa mazoezi wiki hii, na nani atayasimamia?