SOMO KWA WANANCHI: TAHADHARI KATIKA KUNUNUA NA KUUZA KWA NJIA YA MTANDAO

Wananchi wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba biashara ya kununua na kuuza kwa njia ya mtandao, ambayo hivi sasa imeenea mjini na mashamba, ina manufaa yake na ina hatari zake. Somo hili linaeleza namna utapeli unavyofanyika na hatua zinazofaa kuchukuliwa. Watumishi wa Serikali na Masheha wanaombwa kulisoma na kuwafikishia wale ambao halitawafikia.

1. Kwa nini mkaazi wa kisiwani huwa windo jepesi

Bidhaa nyingi zinazotangazwa mitandaoni huwa ziko Dar es Salaam, nasi tuko ng'ambo ya maji. Mnunuzi wa Ilala anaweza kupanda daladala akaenda kukitazama kitu chenyewe. Mnunuzi wa Wete au Makunduchi hawezi kufanya hivyo kwa urahisi. Tapeli anaifahamu vyema hali hiyo, na bahari ndiyo mtaji wake.

Wazee wetu nao walifanya biashara na Bara, Uarabuni na Bara Hindi, na aghlabu bidhaa hawakuziona kabla ya kuzinunua. Lakini walikuwa na wakala wanayemjua kwa jina na ukoo, naye ndiye aliyekuwa jicho lao huko ng'ambo. Biashara ya mtandao imetuletea soko mkononi, ila haikutuletea jicho hilo. Ni wajibu wa kila mnunuzi kujitafutia.

2. Namna mnunuzi anavyotapeliwa

Tuchukue mfano wa mwalimu wa skuli aliyeko Pemba, ambaye anaona tangazo la friji kwa nusu ya bei ya dukani. Muuzaji anamjibu kwa adabu na kumtumia picha nzuri, ambazo kwa hakika zimechukuliwa kwenye tangazo la mtu mwengine. Kisha anamwambia kuwa wapo wateja wawili wanaoitaka friji hiyo, na atakayetanguliza fedha ndiye atakayeipata. Mwalimu anatuma fedha alizozipata kwenye upatu.

Siku ya pili analetewa picha ya risiti ya mzigo, na kuambiwa kuwa friji imo chomboni lakini imezuiliwa bandarini kwa ada ndogo. Anailipa ada hiyo kwa kuhofia kupoteza fedha za mwanzo. Baadaye hudaiwa ada nyengine, kisha simu huzimwa. Chombo kinafunga gati Mkoani bila ya friji.

Izingatiwe kuwa katika kisa hiki mna alama tatu: bei isiyolingana na soko, haraka, na malipo yanayozaa malipo mengine. Ikionekana moja kati ya hizo, mnunuzi asite. Zikionekana zote tatu, aachane na biashara hiyo. Haraka haraka haina baraka.

3. Muuzaji naye hasalimiki

Wapo wanaodhani kuwa anayetapeliwa ni mnunuzi peke yake. Sivyo. Muuzaji huletewa ujumbe wa simu uliotungwa ufanane na ule wa huduma ya fedha kwa simu, ukimweleza kuwa amepokea malipo. Akiutazama kwa makini ataona kuwa umetoka kwenye nambari ya mtu binafsi. Pengine huambiwa kuwa mnunuzi amekosea kwa kutuma fedha nyingi zaidi, na kuombwa airejeshe ziada. Anayekubali hutoa fedha zake mwenyewe.

Dawa yake ni moja: usiuamini ujumbe, angalia salio lako kwa mkono wako kabla ya kutoa bidhaa. Aidha, kupokea fedha hakuhitaji nambari ya siri. Anayekutaka utaje au ubonyeze nambari yako ya siri ili upokee malipo anataka kukuibia.

4. Viwanja na nyumba

Matangazo ya viwanja yanahitaji tahadhari ya pekee, kwani hasara yake huwa ni akiba ya umri mzima. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1992. Picha ya kiwanja na nakala ya hati iliyotumwa kwa simu si ushahidi wa haki hiyo. Asilipe mtu hata shilingi moja kabla ya kufika kwenye kiwanja, kuonana na Sheha wa Shehia husika na kuihakiki hati katika ofisi zinazoshughulikia ardhi. Mwenye kukodi nyumba naye asitoe kodi ya miezi kadhaa kabla ya kuingia ndani ya nyumba hiyo.

5. Hatua za kuchukua kabla ya kulipa

(a) Mwombe jamaa au rafiki aliyeko huko akaitazame bidhaa, na fedha zitolewe mbele yake.

(b) Ikiwa muuzaji yupo hapa, kutaneni mchana mahali penye watu.

(c) Unaponunua simu iliyotumika, bonyeza *#06# upate nambari yake ya utambulisho, kisha itume kwenda 15090 kuhakiki uhalali wake.

(d) Hifadhi mazungumzo, picha za tangazo na kumbukumbu za malipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

(e) Bonyeza *106# ujue laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini usiyoitambua inaweza kutumika kuwatapeli wengine kwa jina lako.

6. Aliyekwisha kutapeliwa

Apige simu mara moja kwa kampuni ya huduma ya fedha aliyoitumia, kwani fedha ambazo bado hazijatolewa zinaweza kuzuiliwa. Nambari ya tapeli itumwe kwenda 15040, kisha taarifa itolewe Kituo cha Polisi pamoja na kumbukumbu zote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Tanzania Bara na Zanzibar, imeutaja udanganyifu wa aina hii kuwa ni kosa la jinai.

Wengi hunyamaza kwa kuona haya, khasa mtumishi anayeheshimiwa mtaani. Haya hiyo si yake, ni ya aliyemdhulumu. Anayenyamaza humwachia tapeli nambari ileile na maneno yaleyale ya kumwendea jirani yake.

Wananchi wote wanaombwa kutoa mashirikiano.