Zimwi, Mwanga au Mumiani? Kulipatia Jina Dubwana la Kambi ya Ogawa

Makala haya yanaanzia kwenye tatizo dogo la tafsiri. Tarehe 12 Novemba 2018, kituo cha televisheni cha The CW cha Marekani kilionyesha sehemu ya nne ya msimu wa nne wa Legends of Tomorrow, mfululizo wa majagina wanaosafiri katika wakati. Sehemu hiyo inaitwa Wet Hot American Bummer, jina linalochezea lile la Wet Hot American Summer, filamu ya kuchekesha ya mwaka 2001 kuhusu kambi ya likizo. Majagina wanarudi hadi mwaka 1995, katika Kambi ya Ogawa, ambako watoto wametoweka, nao wanajifanya walezi wa kambi ili wamnase anayewachukua. Anayewachukua ni kiumbe aitwaye shtriga, ambaye hufyonza uhai wa watoto. Je, mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuichanganua kazi hii amwite kiumbe huyo nani?

Jibu la haraka ni zimwi. Katika semina zetu, kila kiumbe mwenye kula watu hutiwa katika kapu la ngano za mazimwi, na mjadala ukaishia hapo. Hata hivyo, tukizichunguza ngano hizo tutaona kwamba zimwi lina makao yake, nayo yako mbali na makao ya watu. Ni kweli kwamba zimwi huweza kujigeuza mvulana mtanashati, likaja kumposa msichana aliyewakataa vijana wa kijijini. Lakini baada ya harusi lazima safari iwepo. Msichana huvuka mto, akapita msitu, na kadiri anavyosonga ndivyo mume anavyozidi kubadilika, mpaka ule mdomo wa pili wa kisogoni uonekane. Wokovu nao huja kwa kurudi nyumbani. Ngano hizi, kwa maoni yangu, zimejengwa juu ya umbali: nyumbani ni salama, kule si salama.

Shtriga hana umbali huo. Jina lake ni la Kialbania, nalo linatokana na neno la Kilatini strix, lenye maana ya ndege wa usiku wa jamii ya bundi. Mshairi wa Kirumi Ovid, katika utungo wake Fasti, anawataja ndege hao kuwa ni wafyonzaji wa watoto wachanga. Kutoka katika neno hilohilo Waitalia wamepata strega, yaani mchawi. (Msomaji aliyelelewa akiogopa mlio wa bundi juu ya paa hatashangaa kwamba Warumi nao walimshuku ndege huyu.) Edith Durham, mwanamke Mwingereza aliyetembea sana milima ya Albania, alizungumzia imani za shtriga katika kitabu chake High Albania cha mwaka 1909. Katika imani hizo shtriga ni mwanamke wa papo hapo kijijini. Huenda kanisani pamoja na majirani, ndiyo maana mtego wake hutegwa kanisani: msalaba wa mfupa wa nguruwe huwekwa mlangoni siku ya Pasaka, naye akiisha kuingia hawezi kutoka. La kutisha zaidi ni kwamba aliyemfyonza mtoto ndiye pekee awezaye kumponya. Mzazi hulazimika kumbembeleza muuaji.

Huyu si zimwi. Aliye karibu naye katika Kiswahili ni mwanga, yule mchawi atokaye usiku ambaye mchana tunasalimiana naye kisimani na kuazimana naye chumvi.

Lakini waandishi wa mfululizo huu hawakumwacha shtriga katika kijiji cha Albania. Walimleta kambini, na kambi ya likizo ya Marekani ina fasihi simulizi yake. Mwanzo wa kambi hizo aghalabu huhusishwa na mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut, aliyewapeleka wanafunzi wake porini mwaka 1861. Usiku watoto huketi kuuzunguka moto na walezi huwasimulia hadithi za kutisha. Mojawapo, iliyoenea katika kambi za jimbo la New York, ni ya Cropsey: mtu wa heshima zake anayerukwa na akili baada ya kumpoteza mwanawe kwa uzembe wa wanakambi, akarudi kulipiza kisasi. Lee Haring na Mark Breslerman waliichunguza hadithi hiyo mwaka 1977. Huyu ndiye Haring ambaye baadaye, mwaka 2007, alitoa Stars and Keys, mkusanyiko wa ngano za visiwa vya Bahari ya Hindi, Komoro ikiwamo. Filamu ya Friday the 13th ya mwaka 1980 ilitoka katika shina hilohilo, na wengi husahau kwamba muuaji wake wa kwanza hakuwa Jason aliyevaa kinyago, bali mama yake mzazi, ambaye aliwahi kuwa mpishi kambini hapo.

Dhima ya hadithi hizo ni wazi: mtoto asitoke kitandani usiku, asikaribie ziwa. Katika Kambi ya Ogawa watoto wanalo dubwana lao la kinamasi, na macho yote yanaelekezwa huko. Kumbe shtriga amevaa sura ya mmoja wa wasimamizi wa kambi. Hadithi iliyotungwa iwalinde watoto imewafanya watazame upande usiofaa.

Hapo ndipo mhusika Ava Sharpe anapokuwa na uzito. Ili wapate kuaminiwa na watoto, yeye na Sara Lance wanageuzwa watoto kwa dawa ya mchawi Constantine. Sara anarudi utotoni. Ava haendi popote pa kurudi. Katika msimu uliotangulia aligundua kwamba yeye ni nakala iliyotengenezwa maabarani, na kwamba wale aliowaita wazazi walikuwa waigizaji waliolipwa. Mtu huyu, aliyekwisha kudanganywa na sura za ulezi, ndiye anayetumwa kuonja utoto mahali ambapo mlezi ni mla watoto. Wanaoidharau sehemu hii kwa sababu ya vichekesho vyake, navyo ni vingi, wameipita hoja hii bila kuiona.

Kwa hiyo napendekeza shtriga wa Albania aitwe mwanga, lakini wa Ogawa aitwe mumiani. Asili ya neno mumiani ni dawa nyeusi kama lami, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imekwisha kulihusisha na imani kwamba dawa hiyo ni damu ya watu. Luise White, katika Speaking with Vampires (2000), ameeleza jinsi uvumi wa wanyonya damu ulivyoenea Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na jinsi wakazi wa Nairobi walivyowashuku wazimamoto. Mwanga ni jirani. Mumiani ana kazi, ana sare, ana gari, na amekabidhiwa usalama wa watu.

Huenda mtu akapinga kwamba mumiani ni binadamu, ilhali shtriga wa Ogawa ni kiumbe wa kichawi. Pingamizi hili lina nguvu, na mfasiri itambidi aongeze sentensi moja ya maelezo. Hata hivyo, akiandika zimwi atapoteza zaidi. Mtoto akitoka mbio gizani, akakimbilia chumba cha msimamizi, msomaji wa ngano za mazimwi atashusha pumzi akidhani amefika nyumbani.