Maji ya Kisima: Yanayofaa kwa Udhu Huenda Yasifae Kunywa

Wengi wetu tukiulizwa kama maji ya kisima chetu ni safi, tunaangalia mambo matatu tuliyofundishwa madrasa: rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni sahihi, lakini ni kipimo cha tohara. Kinatueleza kama maji yamegeuzwa na najisi. Hakituelezi kama yana vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo, maana hivyo havionekani kwa macho wala havina ladha.

Tabora ilikua kwa misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Msafara uliovuka Mgunda Mkali, ile nyika kavu baada ya Ugogo, ulifika na kiu isiyochagua maji. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kinachofuatilia jinsi kipindupindu kilivyosafiri katika njia za biashara za Afrika Mashariki.

Leo maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, ila wapo bado wanaochota kwenye visima vifupi na malambo. Na kisima kimoja huwa na tabia mbili. Septemba na Oktoba maji hupungua, watu na ng'ombe wakagombea dimbwi lile lile. Kisha zinakuja mvua za kwanza, zile tunazozishangilia, nazo hukomba kinyesi kilicholala juu ya ardhi kiangazi chote na kukiingiza kisimani. Vyoo vya shimo navyo hupenyeza uchafu chini kwa chini. Kwa hiyo majibu mazuri ya Julai si dhamana ya Desemba! Pimeni mwishoni mwa kiangazi, na tena mvua zinapoanza. Kama kamati ya msikiti ina fedha za kupima mara moja tu, basi iwe mvua zinapoanza.

Mwulizeni afisa afya utaratibu wa maabara ya maji. Chupa itoke maabara, imeshatakaswa; msiisuuze (chupa ya soda iliyooshwa nyumbani haifai hata kidogo). Msiguse ndani ya kifuniko. Iwekeni kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Andikeni tarehe, na kama mvua ilinyesha.

Katika mililita 100 asipatikane hata kijidudu kimoja cha E. coli, kwani huyo ni alama ya kinyesi. Akipatikana, chemsheni maji mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, na yapoe yakiwa yamefunikwa.

Ombeni pia kipimo cha naitreti, hasa kisima kikiwa karibu na choo au zizi. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, kuchemsha hakusaidii; maji yakipungua sufuriani, naitreti huzidi kukolea. Mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo atafutiwe maji ya chanzo kingine.