Kutoka Msaidizi hadi Kuendesha Zizi: Kazi ya Mkufunzi wa Farasi wa Mbio

Njoro, katika Kaunti ya Nakuru, leo inajulikana kwa ngano na Chuo Kikuu cha Egerton. Karne moja iliyopita palikuwa pia na farasi wa mbio. Katika shamba la Charles Clutterbuck, bintiye Beryl alijifunza kazi akimsaidia babake zizini. Ukame ulipoliangusha shamba na babake kwenda Peru, Beryl, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 18, aliomba leseni, akawa mwanamke wa kwanza nchini kuruhusiwa kufunza farasi wa mbio. Wengi humkumbuka kama Beryl Markham, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936. Wapenzi wa farasi humkumbuka kwa Kenya Derby, aliyoishinda mara sita.

Ngazi ya kazi hii haijabadilika sana. Wengi huanza kama saisi, yaani mtunza farasi: kuondoa samadi, kupiga brashi, kunywesha maji, na kupapasa miguu kila asubuhi. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, huenda kano imeumia, hata kama farasi hachechemei bado. Farasi mzima aliyetulia huwa na joto la mwili la nyuzi 37.5 hadi 38.5. Saisi anayeripoti mabadiliko kabla ya kuulizwa ndiye anayetazamwa kazi ya usaidizi inapopatikana.

Msaidizi wa mkufunzi hubeba mzigo mpana zaidi. Hupanga nani atampanda farasi yupi alfajiri, umbali gani na kwa kasi gani. Husimamia chakula, na hapa makosa huua. Tumbo la farasi ni dogo na hawezi kutapika. Akipewa nafaka nyingi kwa mkupuo, au akibadilishiwa lishe ghafla, anaweza kupata msokoto wa tumbo na kufa. Hufuatilia pia chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi. Ndiyo maana farasi huingizwa zizini kabla ya jua kutua. Msaidizi asiyeandika haya kwenye daftari hukwama siku mkufunzi akiwa safarini.

Hatua ya mwisho ni leseni, inayotolewa na Jockey Club of Kenya, wasimamizi wa mbio katika uwanja wa Ngong, Nairobi. Lakini leseni haileti farasi. Farasi ni wa wenyewe, na mwenye farasi anaweza kumhamisha wakati wowote. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1942, Markham anasimulia jinsi farasi wake bora, Wrack, alivyochukuliwa na mwenyewe wiki chache kabla ya mbio za St Leger na kupelekwa kwa mkufunzi mwingine. Alibaki na Wise Child, jike mwenye kano dhaifu, akamfunza kwa tahadhari, na Wise Child akamshinda Wrack.

Upande wa pesa haumsubiri mtu ashinde. Masaisi, nyasi kavu, nafaka, fundi wa viatu vya farasi na daktari wa mifugo hulipwa mwezi ukiisha. Kwa hiyo anayefungua zizi hukadiria ada ya kila farasi kutokana na gharama hizo, na huhesabu zawadi za mbio kama nyongeza tu.