Mgeni na Sahani ya Mwenyeji

Ibnu Batuta alitoka kwao Tanja mwaka 725 wa Hijra (1325) peke yake, hana rafiki wala msafara. Alipofika Tunis watu walitoka kuwalaki wageni, wakaamkiana. Yeye hapana aliyemwamkia, kwani hapana aliyemjua, akalia. Ndipo haji mmoja akamsalimu, akamliwaza hata wakaingia mjini.

Mwaka 1331 akashika bahari kutoka Aden. Zeila ilimchukiza kwa uvundo wa samaki na damu ya ngamia. Akalala chomboni, ijapokuwa bahari imechafuka. Walakini Mogadishu vijana walikuja na mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamtwaa mfanyi biashara mmoja kuwa mgeni wake. Ibnu Batuta, kwa kuwa ni mtu wa elimu, alichukuliwa na Kadhi. Akaletewa wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Akakirimiwa hivyo siku tatu.

Na angalia, sahani ile haikuwa ya shibe tu. Aliyemuuzia mgeni pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo kwao ilirudishwa. Hiyo ilikuwa ada ya mji, wala si sharti ya kuuza katika fikihi. Ila ilimlinda mtu pekee asiyejua bei za mji wala wenye hila wake.