SOMO: HOFU WAKATI WA KIPINDUPINDU
Tusome: Zaburi 91:1-7, Mathayo 4:5-7

Kipindupindu kilichotoka Indonesia mwaka 1961 na kuingia Afrika mwaka 1970 kingali kinatusumbua hapa Uvira, hasa robine zinapokauka tukateka ziwani au mto Mulongwe. Ndipo wengi wetu tunashika Zaburi 91. Ni vema. Lakini tuangalie: Shetani naye aliitumia Zaburi hiyo, akimwambia Yesu ajitupe toka juu ya hekalu. Yesu alikataa. Basi kunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha, tukisema Mungu atatulinda, ni kujitupa vilevile. Na kumficha mgonjwa chumbani kwa kuogopa majirani? Hiyo ni hofu, hata tukiiita maombi. Tumpe maji yenye chumvi na sukari, tumpeleke kituo cha afya usiku uleule. Maombi tutayafanya njiani. Ugonjwa huu huweza kuua kwa saa chache.