SOMO LA UFUNDI: MASHINE YA LEZA ISIPOONEKANA KWENYE KOMPYUTA



Robo hii tunajifunza kuhusu mashine ndogo ya leza ya kuchora kwenye mbao. Bonde la Kilombero lina mashamba makubwa ya mitiki, na kibao cha mtiki kilichochorwa vizuri huwapatia vijana kipato kuliko kipande kitupu. Ila mashine hii hufanya kazi kwa amri za kompyuta. Mawasiliano yakikatika, kamati nyingi huamua haraka kwamba imeharibika, ipelekwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Gharama yote hutoka katika mfuko wa vijana. Kabla ya safari hiyo, tufuate hatua hizi kwa mpangilio, tukibadili kitu kimoja tu kila mara.

1. Umeme. Taa ndogo kuwaka si ushahidi wa kutosha. Baadhi ya mashine huwasha taa kwa umeme kidogo unaopitia waya wa USB, wakati adapta yake haina umeme. Kagua adapta na swichi.

2. Waya. Nyaya nyingi za simu huchaji tu, hazipitishi taarifa. Tumia uliokuja na mashine, usiozidi mita 5, na uchomeke kwenye kompyuta moja kwa moja. Kisha jaribu tundu jingine.

3. Draiva. Mashine nyingi za bei nafuu hutumia chipu ya CH340, na kompyuta isiyo na draiva yake haiwezi kuitambua. Fungua orodha ya vifaa ndani ya kompyuta, chomoa waya, uchomeke tena. Likiongezeka jina kama COM3 au COM4, mashine imeonekana. Lisipoongezeka, weka draiva.

4. Programu. Programu moja tu huweza kuwasiliana na mashine kwa wakati mmoja, hivyo funga nyingine zote. Chagua jina lile lile la COM na kasi ya 115200, ambayo ni ya kawaida kwa mashine zinazotumia GRBL.

5. Imeunganishwa lakini haisogei. Huenda imejifunga kwa usalama. Hakikisha kichwa chake hakijakwama, ndipo uandike amri $X kuifungua.

6. Inakatika katikati ya kazi. Zuia kompyuta isilale, na usiweke waya wa USB karibu na nyaya za randa ya umeme. Umeme ukikatika na kurudi, mashine husahau ilipofikia. Ianze upya kutoka mwanzo wa kipimo.

Tahadhari: zima umeme kabla ya kubadili waya. Wakati wa majaribio, kila aliyemo chumbani avae miwani maalumu ya leza hiyo. Miale yake huweza kupofusha mara moja, na miwani ya jua haikingi.

Tunazishauri kamati zitunze daftari karakanani: tarehe, tatizo, hatua iliyosaidia. Zikimaliza hatua zote bila mafanikio, daftari hilo litamwongoza fundi na kupunguza gharama. Kwa wafadhili, tunaomba kila mashine iambatane na waya wa akiba, draiva kwenye flashi na miwani ya kutosha. Vitu hivi vidogo ndivyo huamua kama msaada utazalisha au utakaa stoo.